Wembe Mmoja, Watu Wanne

Wewe uliyeketi kwenye benchi la zahanati, macho yamegeuka manjano na rozari iko mkononi, najua kwamba husali. Unahesabu. Unahesabu kila nyumba uliyoingia tangu kiangazi, kila sahani, kila kikombe, na nani alikutazama kwa jicho gani ulipokuwa unakunywa. Najua kwa sababu nilihesabu kabla yako, na nilikuwa hodari wa hesabu hiyo. Nilipata jibu, nikaliamini, na jibu lile lilimfukuza mwanamke mmoja kutoka nyumbani kwake. Ndiyo maana naandika. Ya madaktari nawaachia madaktari. Mimi ni fundi wa nguo tu.

Wakati ule nchi bado iliitwa Zaïre, na mashine yangu ya kushona ilikaa kwenye baraza la duka moja la Nyawera, mjini Bukavu, hatua chache kutoka sokoni. Watu waliniita Mama Ansima, kwa jina la binti yetu wa pekee. Mume wangu, Mugisho, alikuwa karani kwenye bohari la chai. Naomba nikiri mapema kwamba mimi ni mtu wa shuku, na nililelewa hivyo. Kwetu, anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, nawe hupokei kabla hujaona koo lake likimeza. Mama yangu alinifundisha kutazama makoo ya watu kabla hajanifundisha kuosha vyombo. Sababu ni karuho, sumu ya polepole, ambayo watu husema inatiwa kwenye pombe leo ikakuua baada ya miezi. Kama ipo au haipo, sitabishana na mtu. Ninachojua ni kwamba sote tuliiogopa.

Mwezi wa saba tulikwenda Mudaka, kijijini kwao Mugisho. Kaka yake Mugisho alikuwa ametimiza mwaka tangu afariki, na familia ilikutana kwa misa na kuondoa matanga. Mjane wake, Mama Nankafu, alikuwa ametengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa ya kulima. Aliniletea kibuyu, akakiinua ili aonje, na wakati uleule mama mkwe wetu akamwita kutoka jikoni. Akaniwekea kibuyu mikononi, akaenda. Nilikitazama. Watu nao walikuwa wananitazama mimi. Kukikataa kungekuwa kumtukana mjane siku ya misa ya mume wake, basi nikanywa. Ilikuwa tamu, na nikasahau.

Mwezi wa tisa shule zilifunguliwa. Huo ndio mwezi wa fundi wa nguo kupumua kwa shida: sketi za buluu, mashati meupe, wazazi wamejaa barazani kila mmoja anataka ya kwake kesho. Mwaka ule miguu yangu ilikataa kusukuma mashine. Viungo viliniuma hata nikiwa nimekaa. Harufu ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, wakikaangwa, ambayo maisha yangu yote iliniita mezani, sasa ilinikimbiza nje, na mafuta ya mawese sikuweza hata kuyatazama. Nilidhani ni mimba, nikafurahi kwa siku tatu. Kisha mkojo ukawa mweusi kama chai iliyosahauliwa motoni. Mteja mmoja aliyekuwa akijaribu libaya, blauzi niliyomshonea, mbele ya kioo changu aliacha kujitazama, akanitazama mimi ndani ya kioo. Alivua libaya taratibu, akasema angerudi Jumamosi. Hakurudi. Nilipokisogelea kile kioo mwenyewe niliona weupe wa macho yangu umekuwa rangi ya ganda la ndizi mbivu.

Zahanati ya mtaa ilikuwa na mabenchi matatu kwenye kibaraza. Mwandishi wa kadi aliita kila mwanamke « citoyenne », yaani raia, bila kuinua kichwa, lakini aliponiona mimi alikiinua. Nilipokaa, walioketi karibu walisogea. Hawakuinuka, walisogea tu, kila mmoja kidogo, mpaka benchi lenye watu sita likawa na pengo katikati, na kwenye pengo hilo nilikuwa mimi. Mama mmoja peke yake, mwenye mtoto mgonjwa mgongoni, alirudi upande wangu akanikatia kipande cha muwa, akasema muwa unasaidia manjano. Nilikikagua kile kipande. Niliwaza kwamba hakuna mtu anayeweza kutia sumu ndani ya ganda la muwa, ndipo nikala. Kilikuwa kitu cha kwanza ambacho tumbo langu halikukirudisha kwa wiki mbili. Sikumuuliza jina lake, na hilo linanisikitisha mpaka leo.

Nilipewa sindano za vitamini, moja kila asubuhi, kwa siku kumi. Asubuhi mapema sindano zilichemshwa kwenye sufuria ndogo. Watu walipozidi, sufuria ilikaa pembeni na sindano zikaendelea na kazi. Nililiona hilo kwa macho yangu, mimi niliyelelewa kutazama makoo, na sikulishuku hata kidogo. Nilikuwa namtafuta mtu.

Mvua za mwezi wa kumi zilinikuta kitandani. Ngozi iliniwasha mpaka nikajikuna kwa kitana. Nilikonda hivi kwamba nilipunguza libaya zangu mwenyewe mara mbili, na mara ya pili niliacha kitambaa kingi ndani ya mshono, kwa matumaini. Nilikuwa nimeanza kula nilichopika mwenyewe tu. Siku ambazo sikuweza kusimama, Mugisho alinitengenezea uji, nami nilimwomba aonje kwanza. Alionja. Siku ya tano au ya sita aliweka bakuli chini.

« Mama Ansima, kila siku miye naonja. Miaka kumi tunakulaka mu sahani moja, na leo unaniangalia mu koo. »

Nilimwambia asikasirike, kwamba ni ugonjwa unaosema. Haikuwa kweli. Ndani yangu nilikuwa nauliza: tunakula pamoja, tunalala pamoja, mbona macho yake yeye ni meupe? Kesho yake, alipokwenda kazini, nilimpa Ansima aonje. Mtoto wa miaka minane. Alionja akanirudishia bakuli akitabasamu, akidhani namgawia. Naliandika hili kwa sababu nimejiahidi kuandika yote.

Hesabu yangu ilikuwa imekamilika. Kutoka kibuyu cha Mudaka hadi mkojo mweusi ilikuwa miezi miwili na siku chache, na karuho, kila mtu anajua, huenda polepole. Nililitaja jina la Mama Nankafu kwa mara ya kwanza siku ya Jumapili, baada ya misa, mbele ya Mugisho na mama yake aliyekuja kunitazama. Hakuna aliyeshtuka. Mama mkwe alisema tu kwamba hata yeye aliona kibuyu hakikuonjwa. Tangu hapo sikuwa na haja ya kusema tena, maana neno lilikuwa na miguu yake lenyewe.

Mama Nankafu alisikia kwamba naumwa, hakusikia kwamba anatajwa. Alikuja kwa miguu kutoka Mudaka na kapu la maharage kichwani na kuku chini ya mkono. Alikaa kwetu siku nane. Alifua shuka zangu, alinichotea maji baridi ya kunipunguzia mwasho, alimsuka Ansima nywele. Chakula chake nilikipokea kwa asante, na alipogeuka nilimpa mbwa wa jirani. Mbwa alinenepa. Hata hilo halikunifundisha kitu.

Mganga tuliyeambiwa anajua karuho alikaa upande wa Kabare. Alitaka waje jamaa zangu wa karibu pamoja na aliyenipa ile pombe. Mugisho ndiye aliyemweleza Mama Nankafu kwa nini anaitwa, na alimweleza akitazama chini. Yeye hakulia wala hakugomba. Alisema:

« Tuende. Banikate na miye. Nimechoka kuangaliwa mukono wakati napika. »

Ansima tulimwacha kwa jirani kwa sababu alikuwa na mtihani wa darasa. Hiyo tu ndiyo sababu. Mungu hutuhurumia kwa vitu ambavyo hatukuviomba.

Mganga alitoa wembe mpya, bado umo ndani ya karatasi yake. Niliomba niukague. Niliugeuza huku na huku kwenye mwanga nione kama haukupakwa kitu, nikaridhika, nikamrudishia. Akatueleza kazi yake. Wembe unaanza kwa mgonjwa ili uijue sumu. Kisha unapita kwa wengine. Kama kati yao yuko aliyeitoa, sumu itamrudia mwenyewe. Kama hayuko, wembe utapita bure. Na hauoshwi katikati, maana kuuosha ni kuusahaulisha.

Alinichanja mimi kwanza, kifuani na juu ya ini. Kisha Mugisho. Kisha mama mkwe, ambaye alifumba macho na kusali Salamu Maria. Wa mwisho alikuwa Mama Nankafu. Yeye aliambiwa anyooshe mikono, kwa kuwa mikono ndiyo iliyotoa kibuyu, akachanjwa chale tatu kwenye kila kifundo. Niliona damu yake ikichanganyika na ile iliyokuwa imekauka kwenye wembe. Mganga akapaka majivu. Tulirudi Bukavu sote wanne kwenye gari moja.

Nilipona. Hilo nalo lazima niliseme, kwa sababu ndilo lililotupoteza. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili mwasho uliisha, mkojo ukarudi rangi yake, na Noeli nilikula sombe, majani ya muhogo, yenye mawese, sahani mbili, watu wote wananitazama kama mtoto anayejifunza kutembea. Nilifumua mishono ya libaya. Sasa najua kwamba watu wazima wengi wenye ugonjwa ule hupona wenyewe, mganga awepo asiwepo. Wakati ule tulimpelekea mbuzi.

Mwezi wa tatu habari ilifika kutoka Mudaka: macho ya Mama Nankafu yamegeuka manjano.

Nitasema jinsi nilivyojisikia. Nilifurahi. Nilikuwa nimeshika mkasi, nikauweka mezani, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kwa miezi mingi nilikuwa nimeishi na shuku bila uhakika, na sasa uhakika ulikuwa umekuja wenyewe, kwa rangi ileile, hata haukuhitaji shahidi. Sumu imemrudia mwenyewe. Mudaka nzima ilisema hivyo. Aliugua vibaya kuliko mimi, wiki kadhaa hakuweza kusimama, na hakuna aliyempelekea maji isipokuwa binti yake Nankafu. Alipoweza tu kutembea, mama mkwe alimwambia aondoke kwenye nyumba ya marehemu. Alishuka mteremko wa Ngomo juu ya gari la mizigo, akaenda kwa kaka yake aliyekaa Kamanyola, bondeni. Watoto wa njiani walimkimbia.

Juma la Pasaka makreti ya chai yalimwangukia mwenzake Mugisho boharini, na hospitali iliomba watu wa kutoa damu. Mugisho alijitolea. Baada ya siku chache aliitwa tena, akaambiwa aje na mke wake.

Kuna chumba cha kungojea ambacho benchi lake unalikumbuka kuliko nyumba uliyozaliwa. Lile lilikuwa la mbao nyeusi, chini ya dirisha, na mvua ya Pasaka ilikuwa ikiingia kwa kioo kilichovunjika, hivyo sote tulikaa upande mmoja. Mugisho alikuwa anazungusha kofia yake. Nilimtazama macho. Meupe. Nikaanza kuhesabu upya: kama ni mgonjwa, aliupata wapi, na kwa nani?

Aliyetupokea alikuwa Papa Murhula wa maabara, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwambia Mugisho kwamba damu yake haiwezi kuingia kwa mtu mwingine, ina virusi ya homa ya ini, ile inayoleta manjano. Mugisho akasema hajaumwa hata siku moja. Papa Murhula akasema ndiyo, hivyo ndivyo ilivyo, na akavuta kiti.

« Kuko virusi ingine inaingia mu mutu kama mwizi mujinga. Inavunja mulango, inapiga makelele, mutu anakufa ao anapona, na yenyewe imekwisha. Hii iko ya zamani sana. Imetuzoea. Mutoto akiipata kwa mama yake siku ya kuzaliwa, mara mingi haimusumbue. Inakaa tu. Mutoto anakomaa, anaoa, anatumika kazi, hata kichwa haimuume, na damu imejaa. Ju ikimuua mbio, yenyewe itaenda kukaa wapi? »

Nilimuuliza kwa nini basi mimi nilikaribia kufa.

« Mutu mukubwa, mwili yake haiijue, inapigana nayo. Ile manjano iko alama ya vita. Wengine baliikuta mu utoto na mwili ikaishinda, haitabagusa tena. Kazi yake iko moja tu, kutoka mu damu hii na kuingia mu ile. Na njia, sisi njo tunaitengenezeaka. Sindano moja, batu kumi. »

Nilipomtajia kibuyu cha kasiksi alitikisa kichwa. Haipiti kwenye kibuyu, alisema, wala kwenye sahani, wala mkononi. Kisha akaanza kuuliza yeye, polepole, kama anayefumua nguo. Sindano? Nikakumbuka kwamba mwezi wa sita, kabla hata ya ile misa ya Mudaka, nilikuwa na homa, na yule bwana aliyezunguka mtaani na mkoba wake alinidunga mimi pamoja na wanawake wanne wa nyumba za jirani, mmoja baada ya mwingine, mlangoni kwangu. Nilikuwa nimemshukuru kwa kutunusuru foleni. Chale? Nikamweleza wembe. Alivua miwani.

« Nani alikatwa nyuma yako? »

Nikawataja. Mugisho. Mama mkwe, ambaye hajaugua. Mama Nankafu.

Nilimsihi aniambie nani alinipa. Nilimshika mkono, nakumbuka, mzee wa watu. Nilitaka kujua kama ni sindano ya mwezi wa sita, au kama ni mume wangu aliyezaliwa nayo akaniwekea ndani ya ndoa, au kama ni mimi niliyempa yeye kwa wembe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

« Njia ya kwako, maman, sijue. Hata damu haitanionyesha. Lakini njia ya mulamu wako, ule Mama Nankafu, hiyo naijua. »

Nilikuwa nimemtafuta adui mwenye nia, mwenye wivu, mwenye jicho. Kumbe kilichonipata hakinijui jina. Hakina chuki na mtu. Na mtu pekee ambaye naweza kusema kwa hakika alimtia mwenzake ugonjwa katika hadithi hii yote ni mimi: hata kama damu iliyobaki kwenye wembe ilikuwa ya Mugisho, wembe ule ulifuata jina nililolitaja mimi.

Tulitoka pale tukiwa na agizo la kumleta Ansima apimwe na kujihadhari sisi kwa sisi. Ansima alikuwa salama. Na juu ya Mama Nankafu, tulinyamaza.

Mugisho alisema maneno ya akili. Tukieleza kwamba ni damu yangu, nani atavaa nguo niliyoshona, na pini zangu zinawachoma watu kila siku? Tukieleza kwamba na yake ni mbaya, nani atakaa naye ofisi moja? Nilikubali upesi mno. Nilijiambia kwamba Kamanyola kuna joto, joto ni zuri kwa mgonjwa. Nilijiambia kwamba ana kaka yake. Kila Jumapili nilipiga kifua kanisani kwa kosa langu, kwa kosa langu, kwa kosa langu kubwa mno, na padri hakuwa na habari ni lipi. Tulizoea ukimya ule. Nilishona, nilinenepa, wateja walirudi. Kiangazi kikaja kikaisha.

Mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa, mama mkwe alituma neno: shamba la migomba la Mama Nankafu halina mtu, Mugisho aje alichukue kabla ya kupanda maharage. Mugisho alinieleza akiwa amesimama mlangoni, hakuketi. Ni shamba zuri, linajulikana. Niliona kwamba ananitazama anisome, na mimi namtazama nimsome, kila mmoja anashuku mwenzake amekwisha kubali. Hapo nikachoka. Nikamwambia sitakanyaga shamba lile, na kwamba kesho nashuka Kamanyola. Aliinama, akafungua kamba za viatu vyake, akafunga tena. Kisha akasema atanitafutia nafasi kwenye gari.

Nilimkuta Mama Nankafu nyuma ya nyumba ya kaka yake, kwenye kivuli cha ukuta, ameketi juu ya gunia. Alikuwa amekwisha nusu. Macho yalikuwa yamerudi meupe, lakini mikono ile mikubwa ilikaa juu ya magoti yake kama ya mgeni. Karibu naye kulikuwa na sahani moja na kikombe kimoja, mbali na vyombo vingine. Binti yake Nankafu, aliyekuja kumwona, alikuwa jikoni na mtoto wake mchanga analia chini kwenye mkeka, na bibi yake hakumwinua. Nilimuuliza ni nani aliyemtengea sahani.

« Miye mwenyewe, » alisema. « Nilijiuliza siku mingi. Sikukuchukia, Mama Ansima, nilitafuta mu roho yangu sikuona chuki. Lakini wembe ulisema. Njo nikasema, labda niko na sumu mu mikono na sijue. Tangu pale sipike, sigusi mutoto wa mutu. »

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nililia mbele yake, naye akangoja nimalize. Nikamweleza vyote: sindano ya mwezi wa sita, virusi inayokaa na watu tangu zamani, wembe ulioanza kwangu, na damu yangu niliyoiona ikiingia kwenye vifundo vyake. Nikamwambia haipiti kwenye chakula wala mkononi, hajawahi kumdhuru mtu, na sumu haikuwepo. Alisikiliza bila kupepesa. Nilidhani atauliza kama atakufa, na nilikuwa nimebeba jibu la Papa Murhula, kwamba aje apimwe na asitumie pombe. Aliuliza kingine.

« Ulijua lini? »

Ningeweza kudanganya. Ilinijia kabisa, tayari, tamu: wiki iliyopita.

« Tangu Pasaka, » nikasema.

Alitazama mbele, nami nikaona midomo yake ikihesabu miezi. Mtoto aliendelea kulia. Mama Nankafu alifuta mikono kwenye kikwembe chake, akainuka kwa shida, akaenda akamwokota yule mjukuu, akamweka begani, na Nankafu akatokea mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, akasimama pale pale. Ndipo mulamu wangu akanigeukia.

« Tutapanda Mudaka wote wawili. Utasema mbele ya mama na batu yote. Utasema vile umeniambia, pamoja na ile ya Pasaka. »

Nilisema. Ilikuwa Jumamosi, uani, mbele ya familia yote, Mugisho akiwa amesimama pembeni yangu, na hilo namshukuru. Mama mkwe aliniuliza ni nani amenilipa niseme hivyo. Mugisho akafungua kifungo, akaonyesha chale zake, akasema hata yeye ana ugonjwa huo ndani na hajawahi kugeuka manjano, basi kama wembe ni hakimu, uhukumu na hapo. Watu walinong'ona sana. Wengine hawakuamini na hawaamini mpaka leo. Lakini hakuna aliyeweza kulichukua shamba ambalo sisi tulikuwa tumelikataa mbele ya wote, na kabla ya jua kuinama mama mkwe alimtuma mtu alete ufunguo wa nyumba ya marehemu. Siku ile nilipoketi kula, akina mama waliwaita watoto wao waje upande mwingine. Nilibaki katikati ya mkeka, peke yangu. Shuku ilikuwa haijafa, ilikuwa imehama tu. Ni haki yangu kuibeba.

Miaka imepita. Mimi nimepimwa, nimepona kweli. Mugisho anayo bado, amezoeana nayo, anakwenda kupimwa na hanywi. Kwa hiyo wewe wa kwenye benchi, acha kuhesabu vikombe. Omba uione sindano ikitoka kwenye maji yanayochemka. Ukienda kwa mganga, sikukatazi, kila mtu aende na wembe wake mwenyewe. Na kama kuna mtu ambaye umelitaja jina lake, mwendee leo, usingoje upone.

Jioni ile ya Mudaka, Mama Nankafu alinisindikiza mpaka barabarani, kwa sababu mgeni husindikizwa hata kama ni mimi. Tulipita katikati ya migomba yake, akawa anasimama kila mara kutazama ni nani aliyekata mikungu. Tulipoona taa za gari zinakuja nilimwomba anisamehe. Aliinua mkono kulisimamisha gari.

« Ile ya wembe, hukujua, » alisema. « Ile ya Pasaka, bado. »

Akaupiga mlango wa gari mara mbili kwa kiganja ili dereva aondoke, akarudi kwenye migomba yake.